Katibu wa Anale na Orodha Yake

Shemeji yangu Louis ndiye mtu pekee niliyemwona Bunia, wakati wa vita, akiwatafuta watu waliojificha, akiuliza vizuri wamejificha wapi, kisha akaandika. Hakuwa mpelelezi. Angekuwa mpelelezi ningemwogopa, na labda ningemheshimu kidogo. Alikuwa Katibu wa Sosiete.

Sosiete ilikuwa chama cha watu waliosoma. Wabelgiji waliianzisha mwaka wa 1954: mapadri wawili, daktari mmoja, mkaguzi wa kahawa, na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupima mvua. Walikutana mara moja kwa mwezi, wakasomeana walichoandika, wakakichapa katika kitabu walichokiita Anale. Ndani ya Anale mlikuwa na kila jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Mvua ya mji wa Kilo mwaka kwa mwaka. Magonjwa ya majani ya kahawa. Samaki wa ziwa, kila mmoja kwa majina manne. Ukoo gani ulitoka wapi, ukapita wapi, ukajenga kilima gani, na ulimkuta nani pale au haukumkuta mtu.

Wabelgiji walipoondoka waliacha makabati manne, mashine ya kuchapia ya roneo, ya kuzungushwa kwa mkono, na ile desturi. Walimu wetu, wauguzi wetu na makarani wetu wakaishika. Matoleo arobaini katika miaka karibu hamsini. Louis aliyajua yote kwa namba, kama wazazi wengine wanavyowajua watoto, maana yeye watoto hakuwa nao.

Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu. Walizaliwa upande wa Mahagi, baba yao akiuza samaki wa kukaushwa. Mume wangu alijifunza useremala. Louis alipelekwa seminari, akatoka huko bila upadri ila na Kilatini, akakifundisha hapa Bunia hadi shule ilipokosa wanafunzi na wanafunzi wakakosa hamu. Mume wangu alipofariki mwaka wa 1995, Louis akahamia kwenye chumba cha nyuma cha parseli yangu, kiwanja changu cha hapa mtaa wa Rwambuzi, ili amlinde mjane wa kaka yake. Nitasema ukweli wa ulinzi huo. Katika miaka saba aliua nyoka mmoja, naye alikuwa amekwisha kupigwa jembe na jirani yangu Dorothée. Siku nyingine zote alilinda sufuria.

Wanajeshi waliponyang'anya nyumba ya Sosiete, yale makabati manne na mashine vililetwa kwangu pia. Chumba cha mbele, ambacho nilikuwa nikiuzia mkate na sabuni, kikawa ofisi. Juu ya mlango Louis alipachika kibao. Mikate yangu nikaihamishia barazani, kwenye vumbi.

Vita vilipoanza mwaka wa 1999, vilianza kwa ajili ya vilima. Ni makabila mawili, kila mtu anayajua, na mimi siyataji kwa sababu wajukuu wangu bado wanapita njia za mji huu. Kila upande ulisema: sisi tulifika kwanza. Ndipo Anale, ambayo ilikuwa imekaa miaka yote ikiliwa na mchwa, ikapata kazi.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja mwenye koti la kahawia, kalamu tatu mfukoni. Alitaka toleo la kumi na moja, ambamo padri mmoja aliandika kwamba watu wa upande wa bwana huyu walikuwa kwenye kilima fulani tangu enzi na enzi. Louis alivaa tai. Alimpa kiti, akampa chai yangu, akampa toleo, akamwandikisha sahihi. Siku tatu baadaye akaja bwana mwingine, wa upande wa pili, mnene, mwenye jasho. Yeye alitaka toleo la ishirini na tatu, ambamo mwalimu mmoja aliandika kinyume chake. Louis alivaa tai ileile. Kiti kilekile, chai ileile, sahihi.

"Shemeji, unaona?" aliniambia jioni, akimenya ndizi. "Sasa batu banasoma Anale. Miaka yote hii tulikuwa tunaandikia bazungu tu."

"Banasoma juu ya kuuana," nilimjibu.

"Hapana. Banatafuta références, ushahidi ya mu kitabu."

Baada ya mwezi nilimsikia kijana mmoja kwenye bomba la maji, kijana asiyemaliza darasa la nne, akimtukana mwenzake na kumtajia namba ya ukurasa. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu nikamwambia Louis. Alifurahi. Aliniuliza ni ukurasa gani, akaenda kuhakikisha kama kijana hakukosea.

Sasa nieleze ile orodha, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mwisho wa kila toleo la Anale kulikuwa na orodha ya wanachama. Ilikuwapo tangu toleo la kwanza. Kila mwanachama aliandikwa jina, mahali alipotoka, kazi yake, mtaa anaokaa, avenyu na namba ya parseli. Wabelgiji waliifanya hivyo ili wapelekeane barua. Barua zilikufa zamani, posta yenyewe ilikuwa haina hata mlango, lakini orodha iliendelea. Na Bunia ya mwaka wa 2002, ukishajua mtu anatoka kilima gani, hujabakiza swali. Unajua ni wa upande gani. Ukijua na namba ya parseli yake, ni kufika tu.

Binti yangu Clémence aliolewa na muuguzi anayeitwa Héritier. Héritier ni wa mojawapo ya makabila yale mawili. Mwaka wa 1998 Louis alimshawishi aingie Sosiete, akaandika kurasa sita juu ya majani ambayo bibi yake alitibia homa. Alifurahi kuona jina lake limechapwa, mtoto wa watu. Vita vilipokaza, walihama nyumba yao ya mtaa wa Lumumba, wakaja kupanga chumba kwenye avenyu yangu, nyuma ya nyumba ya Dorothée. Majirani waliambiwa kwamba Héritier ametoka Kisangani. Aliongea Kilingala barabarani, akanyoa ndevu, akaacha kazi ya hospitali. Waliojua asili yake Rwambuzi nzima tulikuwa wanne: Clémence, Dorothée, mimi na Louis.

Mwezi wa sita mwaka ule, Louis alianza kutayarisha toleo la arobaini na moja. Kila asubuhi alitoka na daftari chini ya kwapa. Nilidhani anafuata makala. Kumbe alikuwa akiwatafuta wanachama waliohama. Alikwenda kwa ndugu zao, kwa makatekista wao, kwa wenye nyumba wao wa zamani, akiuliza kwa upole: sasa anakaa wapi? Watu walimwambia, kwa sababu ni mwalimu wa zamani, kwa sababu ana miwani, kwa sababu hawezi kumdhuru kuku. Aliyekuwa amejificha kwa shangazi yake, aliandikwa kwa shangazi yake. Aliyekuwa amejificha kwenye shule, aliandikwa darasa la ngapi.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi. Kifaransa changu ni cha sokoni. Lakini majina nayasoma. Siku moja nikifagia ofisi nilikuta stensili mezani, ile karatasi yenye nta wanayoipiga mashine kabla ya kuchapa. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona Héritier. Nikaona kijiji chake. Nikaona: Rwambuzi, avenyu, namba, na mwishoni, kwa usahihi mkubwa, nyuma ya nyumba ya mama Dorothée.

Nilikaa kwenye kiti cha wageni hadi Louis alipoingia.

"Shemeji," nilimwambia, "hii jina utaitosha, uifute."

Alitazama niliposhika. "Utaharibu stensili na mukono yako ya mafuta. Ni ya mwisho. Mu Bunia yote hakuna ingine."

"Utaitosha jina ya Héritier."

"Siwezi kutosha muntu moja. Liste itakuwa ya bongo, ya kudanganya."

"Basi utoshe liste yote."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alifanya hivyo kila alipotaka kuzungumza na mtu kama mwanafunzi aliyefeli. "Mama Clémence, sikiliza. Anale bila liste haiko Anale. Article neuf ya statuts, ya tisa ya sheria za chama, inasema kila nimero itakuwa na liste. Kubadilisha article neuf, lazima Assemblée générale, mukutano ya bamemba bote. Assemblée haijakaa tangu mwaka ya quatre-vingt-dix-neuf, vita ilipoanza, juu quorum haipatikane, batu habafike hesabu."

"Quorum haipatikane juu bamekufa."

"Ile ni sababu ingine," alisema.

Sikubishana naye zaidi. Nilivaa kitenge changu cha kanisa nikaenda kwa Rais wa Sosiete, muzee Alexis, mtaalamu wa kilimo mstaafu, mwenye nyumba ya matofali na mbwa wawili. Yeye si mtu wa kwetu Ituri, alikuja na kazi miaka ya sabini, na hakuna aliyekuwa akimtafuta. Alinipokea barazani kwa chai. Alisikiliza vizuri sana. Alitikisa kichwa mahali panapofaa. Nikaanza kupumua.

"Mama, uchungu yako nimeisikia," alisema. "Uandike barua. Weka ukweli yote, jina ya mukwe wako, kabila yake, na fasi anajificha, ili tupate dossier kamili, faili yote. Tutaiweka ku procès-verbal, kitabu ya mikutano."

"Muzee, kama naandika vile, nitakuwa nimeongeza karatasi ingine."

Alicheka kidogo, kwa huruma. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa ndilo la kweli kuliko yote aliyosema: "Na tena mama, ile liste njo preuve, ushuhuda ya kama siye tuko. Bakitosha liste, nani atajua kama kulikuwa Président?"

Nilimtazama. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwa herufi kubwa. Nilishukuru kwa chai, nikatoka. Mbwa wake walinisindikiza hadi langoni, nao walikuwa na adabu kuliko yeye.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane Louis alichapa. Alizungusha mkono wa mashine siku nne, jasho likimtiririka ndani ya wino. Nakala mia moja na ishirini, kila nakala karatasi thelathini na nane, orodha ikiwa ya mwisho. Kazi ya kukusanya kurasa ilikuwa ya wanawake tangu zamani. Wasomi hawakupenda kuzunguka meza. Tuliweka meza ndefu uani, marundo thelathini na nane juu yake, jiwe juu ya kila rundo kwa ajili ya upepo, na sisi tulizunguka kama watu wa maandamano ya Bikira Maria, tukichukua karatasi moja kila rundo. Mwishoni Louis alikaa na mashine ya pini, akahesabu kwa kidole gumba, akabana. Hakuna nakala iliyopita bila kuhesabiwa. Kwa hiyo kuruka rundo la mwisho haikuwezekana.

Asubuhi ya siku ya kukusanya, Louis alikwenda misa ya saa kumi na mbili. Niliingia ofisini. Nilichukua rundo la thelathini na nane lote, na stensili yake iliyokuwa imelazwa katikati ya magazeti ikauke. Nilivipeleka jikoni. Karatasi ziliwaka vizuri. Stensili ilitoa moshi mweusi wa nta, na Dorothée alichungulia juu ya ua.

"Weye unapika nini, matairi?"

"Ninapika jina ya mupangaji wako," nilisema. Akarudi kwake, akaja na kuni zake mbili akaziongeza kwenye moto.

Louis alirudi, akapanga marundo, akahesabu mawe.

"Mama Clémence, karatasi ya trente-huit iko wapi?"

"Imeivisha maharagi."

"Na stensili?"

"Imeivisha pia."

Alisimama pale na jiwe lake mkononi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, hata kwa kofi. "Unajua kitu umefanya?" aliuliza polepole.

"Ninajua. Weye njo haujue."

Aliingia ofisini. Wanawake tukazunguka meza, tukakusanya karatasi thelathini na saba, tukazirundika bila kubana. Nilifikiri nimemaliza. Mchana nilipompelekea sahani nilimkuta ameinama juu ya karatasi nyeupe na rula. Alikuwa anaandika orodha kwa mkono.

Majina sitini na moja. Aliyajua kwa kichwa. Aliandika kwa ule mwandiko wa seminari, kila herufi imelala upande mmoja, kwa wino wa buluu, na mistari miwili chini ya vichwa. Alipomaliza moja alianza nyingine. Kwa siku nzima alimaliza mbili. Nilipiga hesabu: nakala mia moja na ishirini zingemchukua miezi miwili. Nilisema, mwache, atachoka kabla vita havijachoka. Lakini niliogopa ile moja. Moja inatosha. Nami sikuweza kuzipata, kwa maana kila alipomaliza aliibana kwenye nakala yake, akaifungia kabatini, na ufunguo aliutundika shingoni pamoja na msalaba.

Nilimwambia Clémence wahame. Alikuwa na mtoto wa wiki mbili, damu yake bado haijatulia. "Tutaenda wapi, mama?" aliniuliza. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa mapanga. Ya kusini ilikuwa inafunguka na kufungwa.

Orodha za mkono zilipofika tisa, wakubwa wa mji walifukuzwa na wakubwa wengine. Siku mbili tulilala chini sakafuni, milio ikipita juu. Muzee Alexis alipanda ndege ya kwanza yenye nafasi, na mbwa wake wakaachwa wamefungwa. Siku ya tatu walioshinda walianza kupita nyumba hadi nyumba, wakitafuta watu wa upande wa mkwe wangu.

Saa nne asubuhi walifika kwangu. Wanne walikuwa na bunduki. Wa tano alikuwa yule bwana mwenye koti la kahawia, msomaji wetu wa kwanza, kalamu tatu zikiwa bado mfukoni. Mimi nilikuwa barazani na mikate. Hakuniona, watu wa aina yake hawawaoni wauza mikate. Aliingia ofisini na mlango ukabaki wazi, nikasikia na kuona yote.

"Bonjour, Secrétaire. Nakuja kubeba nimero ya mupya."

Louis alisimama. Alitafuta tai yake kwa macho. "Nimero haijatoka," alisema.

"Ninaiona hapa."

"Imechapwa. Haijatoka. Nimero inatoka kama Président amepokea exemplaire, nakala ya kwanza, na ametia sahihi. Président hayuko."

Bwana yule alicheka. "Papa, mie natafuta liste tu. Nimero ya quarante iko na adresses ya zamani, na batu bamehama. Uliniambiaka weye mwenyewe unafanyaka mise à jour, unaandika fasi bamehamia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amemwambia. Wakinywa chai yangu.

"Ni kweli," Louis alisema, na hata wakati ule nilisikia fahari kwenye sauti yake. "Iko kamili. Lakini siwezi kuitosha Président hajatia sahihi. Hata gouverneur akija, siwezi."

"Unaona hii bunduki?"

"Ninaiona. Article sept, ya saba ya statuts, inakataza."

Mmoja wa vijana alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Miwani iliruka. Alianguka kwenye kabati, lile lenye nakala tisa ndani, akabaki ameliegemea.

"Liste," alisema bwana mwenye koti.

"Article sept," alisema Louis, na meno mawili yakatoka pamoja na neno.

Walimpiga tena, mbavuni. Walichambua rundo la mezani, wakakuta mvua na kahawa, wakazitupa. Mmoja alianza kutikisa mlango wa kabati. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya mikate, nikihesabu hatua kutoka pale hadi kwa Dorothée, nikijua sitaweza kuzipiga. Ndipo kelele zikatoka barabarani: bohari ya mfanyabiashara mmoja imefunguliwa, kuna sukari. Vijana wanne walitazamana. Kisha wakakimbia. Bwana mwenye koti aliwaita, wakazidi kukimbia. Akabaki peke yake na kalamu zake, akanitazama kwa mara ya kwanza, akachukua mikate yangu miwili, akatoka nyuma yao.

Tangu siku ile Rwambuzi walimwita Louis shujaa. Émilienne, aliyezunguka meza nasi, alimletea yai. Dorothée aliniambia, "Shemeji yako ameokoa batu soixante, sitini nzima." Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemwosha damu mwenyewe, nikamuuliza nikiwa namkanda uso, kwa sauti ya chini, kama alikuwa akimfikiria Héritier alipokuwa akipigwa. Alinitazama kama nimemuuliza habari za mpira.

"Héritier?" alisema kwa mdomo uliovimba. "Hapana. Ile bwana alitaka kuvunja utaratibu."

Kama muzee Alexis angekuwa Bunia na kalamu yake, bwana yule angeipata orodha, na sahihi juu yake. Hilo silisahau, na yai la Émilienne halikunisahaulisha.

Siku tatu baadaye njia ya kusini ilifunguka kidogo. Mumbere, dereva wa Beni aliyekuwa akinunua mikate kwangu, alisema lori lake linarudi kwao tupu na anaweza kubeba watu wachache mpaka Komanda, na zaidi kama vizuizi vitaruhusu. Nilikwenda kumchukua Clémence na mtoto. Héritier alitaka kwanza kumuaga Louis.

"Mama, dakika mbili tu. Alipigwa juu ya kunikinga."

Nilimruhusu. Hilo lilikuwa kosa langu, na ninaliandika. Nilibaki nje nikimfunga mtoto mgongoni mwa binti yangu, nikiangalia pande zote mbili za avenyu. Héritier alitoka baada ya dakika tano, macho mekundu, mfuko wake wa nguo ukiwa begani.

Tulipofika penye lori, mbele ya karakana moja, watu walikuwa wamekwisha kupanda. Mumbere alituambia vizuizi ni saba hadi Komanda, na kila kizuizi wanamwaga mifuko chini. "Kama muko na karatasi yoyote, muache hapa. Hata carte ya ubatizo."

Mimi nilichukua mfuko wa Héritier nikaumwaga mwenyewe, pale chini, kwenye majani. Suruali, sabuni, nepi za mtoto. Katikati ya nepi, toleo la arobaini na moja. Lilikuwa limebanwa vizuri, pini mbili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wino wa buluu.

"Ni exemplaire yangu," Héritier alisema. "Papa Louis alisema kila membre iko na haki. Mama, aliandika na mukono yake, na vile mbavu zinamuuma."

Nilifungua. Jina lake lilikuwa katikati ya ukurasa, kijiji chake mbele yake, na kwa utaratibu wa ile orodha, avenyu yangu na nyumba ya Dorothée. Angefika kizuizi cha kwanza akiwa amejibebea hati yake ya kufa, pamoja na ya watu sitini. Mumbere aliona ninachosoma, akageuka akaanza kukagua tairi.

Sikumlaumu kijana. Nilimwambia apande. Clémence alininyooshea mkono kutoka juu nikaushika mpaka lori likaanza kutembea. Kisha nilikwenda kwenye choo cha shimo cha wenye karakana, nikararua kile kitabu karatasi kwa karatasi, nikakidondosha chote. Nilibaki hapo mpaka karatasi zikazama.

Nyumbani nilimkuta Louis amekaa kitandani, kitambaa kimefungwa kidevuni, daftari la wanachama juu ya magoti.

"Bameondoka?"

"Bameondoka."

"Alibeba exemplaire yake?"

"Alibeba."

Aliweka alama ndogo mbele ya jina la Héritier. Halafu kalamu ikasogea kwenye safu ya anwani, akapiga mstari juu ya Rwambuzi, kwa rula, akaniinulia macho akisubiri.

"Na sasa batakuwa fasi gani?"

"Sijui," nilisema. Wiki moja baadaye, watu wa Beni waliponiletea habari kwamba wamefika wote watatu, nilimwambia vilevile sijui.

Alichora alama ya kuuliza, safi, akaipulizia ikauke. Alifunga daftari, akalisukuma chini ya godoro upande wa ukuta, akajilaza kwa uangalifu kwa sababu ya mbavu. Nilifunga dirisha lake ili apate usingizi. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni nikachambua mchele, mpaka nikamsikia anakoroma; ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake, na jikoni moto ulikuwa bado unawaka.